Tukuyu Inatokea Iringa Badala ya Tunduma: Kutatua Matatizo ya Njia za Nje katika OSPF Yenye Maeneo Mengi

Malalamiko ya aina hii huanza kwa namna moja. Ofisi ya Tukuyu inasema intaneti ni nzito, fundi anafuatilia pakiti hatua kwa hatua, na anakuta kwamba zinapita Mbeya, zinaelekea Makambako, kisha zinakwenda kutokea Iringa, ilhali lango jingine liko Tunduma, kilomita 100 hivi kutoka Mbeya. Hatua inayofuata, kwa bahati mbaya, huwa ni kubadilisha gharama za viungo, yaani namba ambazo OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kuchagua njia, hupimia umbali, kwa kubahatisha hadi pakiti zielekee kunakotakiwa. Mwongozo huu unapendekeza utaratibu mwingine: kuuliza maswali ambayo ruta yenyewe hujiuliza, kwa mpangilio uleule inaoufuata, kwa sababu sehemu kubwa ya matatizo ya njia za nje, yaani zile za kwenda mitandao iliyo nje ya OSPF, hutokana na fundi kudhani kwamba ruta inalinganisha umbali wote, wakati ruta ilikwisha kuamua kabla umbali haujaangaliwa.

Mtandao wa mfano

Tuchukue mtandao wa kubuni wenye ofisi katika nyanda za juu kusini, uliogawanywa katika maeneo, yaani makundi ya ruta na viungo vyake. Eneo la 0, yaani uti wa mgongo, linaunganisha Mbeya, Makambako na Iringa. Eneo la 10 linatoka Mbeya kwenda Tukuyu na Kyela, eneo la 20 linatoka Mbeya kupitia Vwawa hadi Tunduma, na eneo la 30 linatoka Makambako kwenda Njombe. Mbeya na Makambako ni ruta za mpaka, yaani kila moja imo katika maeneo zaidi ya moja. Mpaka unaosemwa hapa ni wa maeneo ya OSPF, si ule wa forodha wa Tunduma, na tofauti hiyo inafaa kukumbukwa kwa sababu ruta ya Tunduma yenyewe si ruta ya mpaka bali ni ruta ya lango: inapokea njia kutoka nje na kuziingiza ndani ya OSPF. Iringa ni lango la pili, lenye mtoa huduma tofauti.

Gharama za viungo tumezipanga hivi: Mbeya hadi Makambako 20, Makambako hadi Iringa 20, Mbeya hadi Vwawa 5, Vwawa hadi Tunduma 5, Mbeya hadi Tukuyu 10, na Makambako hadi Njombe 10. Malango yote mawili yanatangaza mtandao wa nje 203.0.113.0/24.

Hakikisha kwanza kwamba njia zinashindana

Kabla ya kupima chochote, angalia urefu wa kiambishi cha kila tangazo, yaani namba iliyo baada ya mkwaju. Ikiwa Iringa inatangaza 203.0.113.0/24 na Tunduma inatangaza njia ya msingi 0.0.0.0/0, inayofaa kwa anwani yoyote, peke yake, hakuna ushindani wowote, na gharama hata ishushwe hadi 1 haitabadilisha kitu, kwa kuwa pakiti hufuata kiambishi kirefu zaidi. Jambo hili hutokea mara nyingi pale mtoa huduma mmoja anapoleta orodha kamili ya njia na mwingine anapoleta njia ya msingi tu, au pale ruta mojawapo ya lango inapozifupisha njia zake kabla ya kuzitangaza.

Angalia pia kama mtandao huohuo haujulikani tayari kuwa wa ndani. OSPF hupendelea njia ya ndani ya eneo, kisha njia ya kati ya maeneo, kisha njia ya nje ya aina ya 1, na mwisho njia ya nje ya aina ya 2. Kiolesura kilichosahaulika Njombe chenye anwani ya mtandao huohuo kitashinda malango yote mawili.

Dalili: kila ofisi inatokea lango moja, hata ile iliyo jirani na lango jingine

Hii ndiyo hali ya Tukuyu tuliyoanza nayo. Fungua hifadhidata kwa amri ya `show ip ospf database external 203.0.113.0` kwenye vifaa vya Cisco, au amri inayolingana nayo kwenye vifaa vingine, usome mambo mawili katika kila tangazo: aina ya gharama ya nje, na kiasi chake.

Njia ya aina ya 2 ndiyo inayoingizwa na vifaa vingi kama hukusema lolote. Kwenye Cisco, njia nyingi zinazoingizwa hupewa gharama ya 20, na zile zinazotoka BGP, itifaki ya kubadilishana njia na watoa huduma, hupewa 1. Kwa njia za aina hii, ruta hulinganisha gharama iliyotangazwa na lango, basi. Safari ya ndani ya mtandao haijumlishwi. Ni sawa na msafiri wa Tukuyu anayelinganisha nauli za kuanzia Tunduma kwenda mbele na za kuanzia Iringa kwenda mbele, akachagua ya chini, bila kujiuliza kufika Iringa kwenyewe kutamgharimu kiasi gani. Kwa hiyo, Iringa ikitangaza 20 na Tunduma ikitangaza 30, Tukuyu, Kyela, Vwawa na hata ruta iliyo kiungo kimoja tu na Tunduma zitakwenda Iringa, na OSPF itakuwa imefanya kazi yake sawasawa.

Chanzo cha pili cha dalili hii ni kuchanganya aina. Njia ya aina ya 1, ambayo hujumlisha safari ya ndani na gharama ya nje, hushinda njia ya aina ya 2 daima, bila kujali namba. Iringa ikitangaza aina ya 1 kwa gharama ya 5000 na Tunduma ikatangaza aina ya 2 kwa gharama ya 1, Iringa inashinda. Mchanganyiko huu mara nyingi haukukusudiwa: ruta za lango zimewekwa na watu wawili katika miaka miwili tofauti, na wa pili hakusoma alichoandika wa kwanza.

Kama nia ni kila ofisi itokee lango lililo karibu nayo, njia za malango yote mawili ziwe za aina ya 1 na gharama za nje zilingane. Tukiweka 20 kila upande, Tukuyu itahesabu 10 + 10 + 20, yaani 40, kupitia Tunduma, na 10 + 40 + 20, yaani 70, kupitia Iringa, itachagua Tunduma. Njombe itahesabu 50 kupitia Iringa na 60 kupitia Tunduma, itachagua Iringa. Kama nia ni lango moja liwe kuu na jingine liwe la akiba, aina ya 2 yenye gharama tofauti ndiyo inayofaa, na sioni sababu ya kuilaumu kwa kuwa haihesabu umbali.

Dalili: gharama za nje zinalingana, lakini ruta zinatofautiana au zinagawa pakiti pande mbili

Njia mbili za aina ya 2 zikiwa na gharama sawa, ndipo umbali wa kufika kwenye lango, au kwenye anwani ya kupelekea (mahali pakiti zinapotakiwa kupelekwa) iliyotajwa ndani ya tangazo, unapotumika kuamua. Kinachowachanganya wengi ni kwamba jedwali la njia litaonyesha 20 kila mahali, kuanzia Kyela hadi Iringa, kwa sababu umbali huo haujumlishwi kwenye gharama. Kwenye Cisco huonekana tu unapoitaka njia kwa undani: ukiwa Tukuyu utaona gharama 20, na kando yake umbali wa kupelekea 20, ambao hapa ni 10 hadi Mbeya na 10 hadi Tunduma. Namba hizo mbili zimefanana kwa bahati tu, na hazina uhusiano.

Hapo ndipo kasi ya marejeo, yaani ile inayogawanywa kwa kasi ya kiungo ili kupata gharama, inapoleta taabu. Kwa kawaida Cisco hukokotoa gharama ya kiungo kwa kugawa Mbps 100 kwa kasi ya kiungo, na matokeo hayashuki chini ya 1. Kwa hiyo viungo vya Mbps 100, Gbps 1 na Gbps 10 vyote huwa na gharama ya 1. Mtandao wetu ukiachwa hivyo, Mbeya itaona Iringa iko umbali wa 2, na Tunduma pia iko umbali wa 2, na itagawa mawasiliano kwenye malango yote mawili. Watumiaji hawatasema kwamba kuna njia mbili zenye gharama sawa. Watasema kwamba mfumo wa benki unawatoa kila mara, kwa sababu miunganisho yao inatokea kwa anwani mbili tofauti za umma. Tiba ni kupandisha kasi ya marejeo kwenye ruta zote kwa kiasi kilekile, au kuandika gharama kwa mkono kama tulivyofanya kwenye mfano.

Dalili: pakiti zinazunguka kati ya ruta mbili, na majirani wote wako hai

Dalili hii ndiyo ngumu kuliko zote, na nitakaa nayo zaidi. Ufuatiliaji wa hatua unaonyesha Mbeya, Vwawa, Mbeya, Vwawa, hadi pakiti inapoisha muda wake wa kuishi. Ujirani wa OSPF umekamilika, hifadhidata zinafanana, hakuna tangazo lililopotea. Kila ruta ukiihoji peke yake inakupa jibu lenye mantiki.

Chanzo chake ni kanuni iliyobadilika. Hati ya RFC 1583 ya mwaka 1994, mojawapo ya hati za viwango vya intaneti, iliagiza kwamba malango mawili yanapokuwa hayajatofautiana kwa aina wala kwa gharama ya nje ya aina ya 2, gharama ya njia iamue. Baadaye ikaonekana kwamba kanuni hiyo inaweza kuleta mizunguko pale mtandao mmoja wa nje unapotangazwa kutoka maeneo tofauti, na hati ya RFC 2328 ya mwaka 1998 ikaweka hatua nyingine kabla ya gharama: lango linalofikiwa kwa njia ya ndani ya eneo lisilo uti wa mgongo lipendelewe kuliko lango linalofikiwa kupitia uti wa mgongo au kutoka eneo jingine, hata kama liko mbali zaidi. Hati hiyohiyo iliacha swichi ya upatanifu na RFC 1583, na ikasema iwe imewashwa tangu mwanzo. Cisco IOS hufuata hivyo na huja ikiwa imewashwa, lakini FRRouting, programu huria ya ruta, huja ikiwa imezimwa hadi uiwashe kwa amri. Ukiwa na vifaa vya aina zote mbili katika mtandao mmoja, una kanuni mbili katika mtandao mmoja.

Tuone inavyotokea. Malango yote mawili yanatangaza aina ya 2 kwa gharama ya 20. Mbeya ina FRRouting iliyoachwa kama ilivyokuja, na Vwawa ina Cisco IOS. Siku za kawaida hakuna kinachoonekana: Tunduma iko umbali wa 10 kutoka Mbeya na 5 kutoka Vwawa, Iringa iko mbali zaidi kwa zote mbili, na kanuni zote mbili zinatoa jibu moja. Kisha masika yanaingia, faiba ya Vwawa kwenda Tunduma inakatika, na inawekwa redio ya muda yenye gharama ya 100. Vwawa, inayofuata gharama, inaona Tunduma iko umbali wa 100 na Iringa iko umbali wa 45, na inaipelekea Mbeya pakiti. Mbeya, inayofuata kanuni mpya, inaona kwamba Tunduma inafikiwa kwa njia ya ndani ya eneo la 20 na Iringa inafikiwa kwa njia ya uti wa mgongo. Inachagua Tunduma ingawa umbali ni 105 dhidi ya 40, na inairudishia Vwawa pakiti ileile.

Niliwahi kukesha na tatizo la namna hii katika mtandao wa taasisi ambayo sitaitaja, na kilichotupotezea usiku kucha ni kwamba tuliishuku redio, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imebadilika siku hiyo. Redio haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa limekaa kimya tangu ruta ya aina tofauti ilipoingizwa miezi kadhaa kabla.

Namna ya kuthibitisha ni kusoma usanidi wa kila ruta, si ruta za mpaka peke yake, na kuandika hali ya swichi hiyo. Usikubali jibu la kwamba amri haionekani, kwa sababu amri isiyoonekana maana yake ni hali ya asili ya kifaa, na hali ya asili ndiyo inayotofautiana. Kisha ziweke zote sawa, katika saa ambazo mtandao hautumiki, kwa kuwa katikati ya zoezi hali itakuwa ileile ya mchanganyiko unayojaribu kuiondoa. RFC 2328 inasema kwamba kama kuna ruta yoyote isiyoijua kanuni mpya, swichi hiyo iwashwe kwenye ruta zote. Kama hakuna, izimwe kwenye zote.

Kuzima kila mahali kunaondoa mzunguko, lakini kuna matokeo ambayo fundi lazima ayategemee. Mbeya itaendelea kuipenda Tunduma kupitia redio. Tukuyu, ambayo inayaona malango yote mawili kwa njia ya kati ya maeneo, italinganisha gharama, itachagua Iringa kwa umbali wa 50 badala ya 115, itaipa Mbeya pakiti ikiamini kwamba inakwenda Iringa, na Mbeya itaipeleka Tunduma. Pakiti itafika, ila kwa njia ambayo Tukuyu haikuihesabu. Kuhamia aina ya 1 hakuokoi hali hii, kwa sababu hatua ya kupendelea eneo hutangulia kujumlisha gharama hata kwa aina ya 1. Ukiwa na aina ya 1, kupandisha gharama ya nje kule Tunduma hakutaigeuza Mbeya. Kwa aina ya 2 inawezekana, kwa kuwa gharama ya nje hulinganishwa kabla ya hatua hiyo: ipandishe Tunduma iwe 50 wakati redio inatumika, na wote watahamia Iringa.

Dalili: tangazo liko kwenye hifadhidata, njia haiko kwenye jedwali

Angalia kwanza kama ruta inajua njia ya kufika kwa ruta iliyotangaza. Kwa lango lililo katika eneo jingine, ruta ya mpaka ndiyo inayotoa tangazo la aina ya 4 (hii ni aina ya tangazo, si aina ya gharama ya nje) linaloeleza namna ya kulifikia lango hilo. Ndani ya eneo la lango lenyewe tangazo hilo halihitajiki. Amri ya `show ip ospf border-routers` inatosha: kama Tunduma haimo, tafuta tatizo kati ya Mbeya na Tunduma, si kwenye njia ya nje.

Kisha soma anwani ya kupelekea. Ikiwa ni 0.0.0.0, pakiti hupelekwa kwa ruta iliyotangaza. Ikiwa ni anwani nyingine, lazima anwani hiyo ifikiwe kwa njia ya OSPF ya ndani ya eneo au ya kati ya maeneo. Ikifikiwa kwa njia ya nje, au isipofikiwa kabisa, tangazo linaachwa bila onyo lolote.

Hali hii hujitokeza hasa eneo la 20 likiwa la aina ya NSSA, yaani eneo lisilopokea matangazo ya nje ya kawaida lakini linaloruhusiwa kuwa na lango lake. Humo Tunduma hutangaza njia zake kwa tangazo la aina ya 7, na ruta ya mpaka hulitafsiri kuwa la aina ya 5 na kulisambaza kwa jina lake yenyewe, huku ikiiacha anwani ya kupelekea ya Tunduma ilivyo. Fundi aliyeko Iringa akitafuta kitambulisho cha Tunduma kwenye matangazo ya nje hatakiona. Ataona cha Mbeya. Sasa, ikiwa kuna mtu aliyeichuja anwani hiyo Mbeya isiingie eneo la 0, pengine kwa nia njema ya kupunguza njia, Iringa na Makambako zitakuwa na tangazo zuri lenye anwani isiyofikika. Ondoa kichujio hicho, au ifanye Mbeya itume tangazo lenye anwani ya kupelekea iliyofutwa, kama kifaa kinaruhusu.

Eneo la NSSA likiwa na ruta mbili za mpaka, kwa kawaida moja tu ndiyo hutafsiri, nayo ni ile yenye kitambulisho kikubwa zaidi. Hilo halimaanishi kwamba pakiti zote hupita kwake, kwa sababu ruta nyingine hufuata njia fupi ya kufikia anwani ya kupelekea. Kumbuka pia kwamba Vwawa ndani ya NSSA haipokei matangazo ya aina ya 5, hivyo haiwezi kuilinganisha Iringa na Tunduma; ushindani wote unafanyika Mbeya. Pale aina ya 7 na aina ya 5 zinapofungana kwa kila kigezo, RFC 1587 ya mwaka 1994 iliipa ushindi aina ya 5, na RFC 3101 ya mwaka 2003 ikaipa aina ya 7 yenye alama ya kuruhusu tafsiri. Ruta mbili za mpaka zenye programu za vizazi tofauti zinaweza kutokubaliana hapo.

Dalili: tangazo la lango moja limetoweka ghafla

Ikiwa ruta mbili za lango zimeunganishwa kwenye swichi moja ya mtoa huduma na zinatangaza mtandao uleule, gharama ileile na anwani ileile ya kupelekea isiyo 0.0.0.0, OSPF huona kurudia hakuna faida: ile yenye kitambulisho kidogo huliondoa tangazo lake. Zima ile kubwa kwa majaribio, na tangazo la ndogo litarudi.

Kama tangazo lipo, anwani inafikika, lakini Iringa kuna ruta ya pili na inawapeleka watu Tunduma, sababu huenda haimo ndani ya OSPF. Kwenye Cisco, njia iliyopokelewa moja kwa moja kutoka kwa mtoa huduma kwa BGP ya nje ina kipaumbele cha 20, OSPF ina 110, na BGP ya ndani ina 200, na namba ndogo ndiyo inayoshinda. Ruta ya pili ya Iringa, inayoijua njia ya mtoa huduma kupitia BGP ya ndani kutoka kwa mwenzake, italiamini tangazo la OSPF kutoka Tunduma kabla ya kumwamini jirani aliye naye kwenye kabati moja.